Mkono wa Bwana Mifugo

Bwana Mifugo hakuwa na mtindo wa kupendeza. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia namsifu mtu kwa kurusha vishale, wanadhani alikuwa na madaha. Wapi! Alisimama mbele ya ubao na gambuti zake, tumbo mbele, mguu wa kushoto umeelekea mlangoni utafikiri anataka kuondoka. Alinyanyua kishale usawa wa sikio, akagonga hewa mara mbili, tuk, tuk, na ya tatu kishale kilikuwa kimeshafika ubaoni. Moja, mbili, imeshatoka. Ilikuwa hivyo kiangazi na masika, akiwa amefurahi au amenuniwa na mkewe. Ungeweza kufumba macho ukahesabu, na usingekosea.

Nimemfahamu miaka kumi na sita. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye kadi ya harusi ya binti yake, na sitalitaja, maana mwenyewe haliitikii. Ukimwita kwa jina hilo sokoni Karatu atapita kama hajasikia. Ukisema "Bwana Mifugo" atageuka hata akiwa ng'ambo ya barabara. Alistaafu zamani, na ofisini sasa yupo mwingine mwenye pikipiki na simu kubwa, msomi kweli kweli, lakini huyo watu wanamwita "yule kijana wa mifugo". Bwana Mifugo ni mmoja.

Mimi ni dereva wa watalii. Asubuhi nawashusha wageni kreta, jioni nawapandisha, na katikati nawatafutia faru. Jumamosi nisizokuwa na safari nilikuwa baa kuanzia saa tisa alasiri, na mke wangu anajua kwamba sikufuata bia. Nilifuata ubao. Baa yetu iko nyuma ya soko, ina ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji, na ubao wa vishale umetundikwa ukutani pembeni mwa dirisha, mahali penye mwanga mzuri mpaka saa kumi na mbili.

Bwana Mifugo alikuja pale na chupa yake ya chai, ndani kuna maziwa ya moto, imeviringishwa kitenge cha mkewe. Aliiweka mezani katikati ya bia zetu bila haya. Mwaka wa kwanza mama mwenye baa alilalamika.

"Bwana Mifugo, hapa ni baa, si zizini."

"Ndiyo maana nimekuja na maziwa yangu," akamjibu. "Ya kwako yana povu lakini hayana ng'ombe."

Mama akacheka, na kuanzia siku hiyo akawa anamwekea kikombe chake peke yake, chenye maua, ambacho hakuna mlevi aliyethubutu kukigusa.

Chaki nayo ilikuwa yake. Aliibeba mfuko wa shati, imefungwa kwenye karatasi, na sijawahi kumwona akimpa mtu. Yeye ndiye aliyeandika alama, hata siku ambayo hakucheza. Kwa asiyeujua mchezo wetu: unaanza na mia tano na moja, unapunguza kila unachopata, na lazima umalizie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni ambapo namba huhesabiwa mara mbili. Upana wake ni kama kidole cha mtoto. Hapo ndipo wanaume wazima hutokwa jasho.

Katika kuandika hakuwa na upendeleo, na hilo liliudhi watu. Ukipata mia, aliandika mia. Lakini ukirusha vibaya, viwili vikagonga ukuta na kimoja kikaingia kwenye namba moja, alama ya chini kuliko zote, huwezi kujifanya hukurusha.

"Acha tu hiyo, Bwana Mifugo," tulimwambia. "Moja nayo ni ya kuandika?"

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Basi inaandikwa."

Alisema katika miaka yake yote ya chanjo hakuna ng'ombe aliyechomwa akaachwa kuandikwa kwa sababu amekonda. Tulimcheka sana kwa hilo. Hata hivyo timu zilipokuja kutoka kwingine, hakuna iliyowahi kuomba mwandishi mwingine.

Sasa sikilizeni kituko. Mtu huyu aliyechoma sindano ng'ombe wa Malambo, Loliondo na kwingine ambako hata barabara hazifiki, alikuwa anaogopa sindano kuliko mtoto. Mwaka fulani alishikwa na homa, mkewe akanipigia simu nimpeleke zahanati. Tumekaa kwenye benchi, nesi akatokea na kisinia chake, kugeuka, mzee hayupo! Nilimkuta nyuma ya jengo amemshika mbuzi wa mlinzi mguu, anamkagua kwato.

"Huyu mbuzi anachechemea," akaniambia, uso umejaa jasho.

"Bwana Mifugo, twende ndani."

"Muulize yule binti kama hakuna vidonge."

Hakukuwa na vidonge. Nilimshika bega mimi mwenyewe, akafumba macho kwa nguvu, na kabla nesi hajamchoma akasema kwa sauti ndogo, "Gonga kwanza, mwanangu. Mara mbili." Nesi akanitazama mimi. Nami nikainua mabega, maana sikujua anasema nini.

Kwa watu alikuwa mchache wa maneno. Kwa ng'ombe, loo! Nilishamsikia nyumbani kwake Ganako akimhadithia ng'ombe wake mmoja mambo ya kikao cha kanisa, nani alisema nini na nani alinuna. Lakini ukimwomba yeye, binadamu mwenzako, akueleze jinsi ya kurusha kishale, alisema, "Mimi ni mtu wa mifugo," akanywa maziwa. Basi watu wakaamua kumwiga. Kuna kipindi nusu ya baa ilikuwa inagonga hewa, tuk, tuk, na vishale vinaruka mpaka dirishani. Kepteni wa timu yetu, muuza mabati, ndiye aliyegonga kwa bidii kuliko wote, na alama zake zikashuka mpaka akatia huruma. Bwana Mifugo alimtazama wiki mbili, kisha akamuuliza, "Unagonga nini hapo? Una ng'ombe gani?" Kepteni akaacha.

Mimi sikuiga wakati huo. Nilikuwa na mkono wangu. Ulikuwa wa hovyo, nakubali, mguu huku na kiwiko kule, lakini ulikuwa wangu na ulikuwa unaingiza. Halafu akaja yule mgeni.

Alikuwa mzee mpole mwenye vidole vinene, na hoteli aliyolala ina ubao wa vishale sebuleni. Jioni moja akaniomba tucheze. Nikamfunga mara mbili. Badala ya kukasirika akanisikitikia, akaniambia kwamba nashinda kwa bahati, kwamba mkono kama wangu hautadumu. Akanifundisha mpaka chakula kikapoa. Mguu uwe hivi, bega lisishuke, kiwiko kipande juu, kishale kishikwe kwa vidole vitatu kama kalamu, na ukishaachia mkono ubaki umeelekea ubaoni. Akanirekodi kwa simu akanionyesha makosa yangu moja moja. Siku ya kuondoka akanipa vishale vyake mwenyewe, vyembamba, vizito, kwenye mfuko wa ngozi. Nilifurahi mpaka nikamsindikiza ndani ya uwanja wa ndege. Kumbe nimepewa ugonjwa kwenye mfuko wa ngozi.

Nikaanza kutazama video. Kila nikisubiri wageni wale chakula cha mchana, mimi niko kwenye simu natazama mabingwa wanavyosimama. Wiki hii nabadilisha mguu, wiki ijayo vidole, inayofuata namna ya kuvuta pumzi. Halafu Jumamosi moja nikasimama kwenye mstari, nikapeleka mkono mbele, mkono ukafika mwisho, na kishale kikabaki vidoleni. Nikarudisha, nikapeleka tena. Hakitoki! Kichwa kinasema achia, vidole vinasema subiri.

"Suka, weka gia!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. Baa nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama pembeni nikirusha, kama mtu anavyotazama pembeni jirani akigombana na mkewe. Vikitoka vinatoka ghafla, kimoja sakafuni, kingine kwenye fremu ya dirisha.

Niseme ukweli, niliumia. Kazini nasifiwa kwa faru ambaye sikumuumba mimi. Nyumbani ni baba, nasifiwa nikileta na nalaumiwa nisipoleta. Pale kwenye mstari ndipo palikuwa mahali pekee nilipofanya jambo langu mwenyewe vizuri, na watu wakaliona. Mechi na timu ya Mto wa Mbu ilikuwa mwezi mmoja mbele. Kepteni akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kama mkono hautafunguka mpaka wiki ya mechi, nafasi yangu atampa mtu mwingine ili nipumzike. Nilijijua. Nikishapumzika, sirudi tena.

Siku hizo ndipo Bwana Mifugo alipokuja nyumbani kwangu Qurus, asubuhi, na chupa yake kwapani. Hakuwahi kuja kabla.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Pikapu yako inatembea?"

"Inatembea."

"Alhamisi nipeleke Malambo. Yule kijana ana chanjo, ameomba nikamsaidie."

Nikajua mzee ameniona ninavyoteseka, na hii ndiyo njia yake ya kunifundisha bila kusema anafundisha. Alhamisi alfajiri tukatoka. Tukapita getini, tukazunguka ukingo wa kreta na ukungu wake, tukashuka upande wa pili mpaka tambarare, kisha tukaacha barabara kuu tukashika njia ya Malambo. Kutwa nzima ya barabara nilikuwa nasubiri aseme kitu kuhusu mkono wangu. Alikuwa anatazama mara mbele, mara upande wangu. Alizungumza mara moja tu, kusema kwamba pundamilia wa mwaka huu wamenenepa.

Huko Malambo mzee alikuwa mtu mwingine. Wazee walimwona tu, wakapaza sauti, "Supai!" naye akaitikia "Ipa!" huku anacheka, akaanza kuzungumza nao Kimaasai chenye lafudhi ya Kiiraqw, wao wanamcheka anavyotamka, yeye anazidi kwa makusudi. Ng'ombe walikuwa wamepangwa kwenye ujia mwembamba wa miti, mmoja nyuma ya mwenzake. Yule kijana alichoma wa kwanza vizuri tu kama alivyosoma, ng'ombe akaruka, miti ikalia. Bwana Mifugo akavua koti. Akamkaribia wa pili, akamgonga shingoni kwa ubavu wa ngumi, tuk, tuk, na ngumi ya tatu ilikuwa na sindano ndani yake. Ng'ombe akaendelea kucheua.

"Ukimchoma ghafla anakuvunja mkono," akamwambia kijana. "Ukimgonga mbili anajisemea, ah, huyu ni mtu wa kugonga tu. Ya tatu hana habari nayo."

Hee! Nikaona yote kwa mpigo, baa na zahanati na gambuti. Mkono ule aliutoa hapa. Alikuwa amefanya hivi shingo kwa shingo, miaka na miaka, mpaka hata mbele ya ubao mkono haukujua njia nyingine. Nikarudi Karatu nimejaa furaha, dawa ninayo.

Kesho yake nikaenda baa mchana kweupe, hakuna mtu, nikasimama kwenye mstari. Tuk, tuk. Kishale cha kwanza kikadondoka mbele ya kiatu changu. Cha pili hakikutoka kabisa. Nikagonga hewa mpaka bega likauma, na mama mwenye baa akatoka jikoni kuniuliza kama nimeng'atwa na nyuki.

Nilikwenda Ganako moja kwa moja na hasira zangu. Nikamkuta anamtoa ng'ombe wake kupe. Hata shikamoo nilisahau.

"Bwana Mifugo, umenipeleka Malambo, nimekula vumbi kutwa nzima, ili nijifunze nini?"

Akanitazama kama haelewi. "Mimi nilihitaji usafiri."

Jamani! Kuna majibu yanayoweza kumtia mtu wazimu. Nikageuka niondoke bila kuaga, nimeshafika kwenye uzio, akaniita.

"Dereva. Alhamisi barabarani ulisalimia magari mangapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Hujui. Mimi nilihesabu mpaka ukingoni, nikachoka nikaacha."

Hapa inabidi nieleze kidogo. Barabara yetu ya kwenda kreta ina desturi yake. Dereva hampiti dereva mwenzake bila kumnyanyulia mkono, awe wa kampuni yako au adui yako, kwa sababu masika ikifika, huyo uliyempita ndiye atakayekuvuta kwenye tope. Tunakaa kulia ndani ya gari, kiwiko cha kulia kinapumzika dirishani, na kila gari likitokeza mkono unanyanyuka. Hakuna anayeufikiria. Mimi nimeshawahi kuwasalimia nikiwa nagombana na mke wangu kwenye simu ya spika.

"Kiwiko kipo dirishani, hakitikisiki," Bwana Mifugo akasema, mkono wake bado kwenye sikio la ng'ombe. "Mkono unapanda, unakwenda mbele, vidole vinafunguka. Kila gari, vilevile. Sijaona hata mara moja umempita mtu vidole vikakataa kufunguka."

"Kusalimia si kurusha kishale."

"Na ng'ombe si ubao."

Akanawa mikono, akaingia zizini akatoka na ubao wa zamani, umeliwa pembeni na panya, akautundika kwenye nguzo ya uzio. Akaniamuru nilete pikapu niiegeshe ubavuni. Nikakaa kwenye usukani, kiwiko dirishani, kishale mkononi, najiona mjinga wa mwisho. Nikapeleka mkono. Ukagoma, kama kawaida yake.

"Unarusha," akasema. "Nani kakwambia urushe? Kuna Landkruza nyeupe inakuja, msalimie."

"Iko wapi?"

"Pale kwenye nguzo. Utampita mwenzako hivihivi?"

Nikasalimia. Vidole vikafunguka. Kishale kikaenda kikajichomeka ubaoni pembeni kabisa, nami nikabaki nimeutoa mkono nje ya dirisha kama mtu aliyeona mzimu. Nikachukua cha pili, nikasalimia. Cha tatu. Mkewe akatoka jikoni na mwiko, akatutazama, mmoja ndani ya gari iliyozimwa anapungia nguzo, mwingine anamtajia rangi za magari. "Mmechanganyikiwa wote wawili," akasema, akarudi kwenye ugali wake. Mimi nilikuwa nalia. Sioni haya kusema.

Nilirusha kutoka dirishani siku nne. Ya tano nikasimama nje ya mlango wa gari, ya sita nikaiacha gari barabarani. Vishale vya mgeni nikavirudisha kwenye mfuko wa ngozi, nikachukua vyangu vya zamani vyenye manyoya ya kuunga kwa gundi. Nilipoingia baa Jumamosi na kiwiko changu cha dirishani, Kepteni aliuliza nimetoa wapi mtindo huo wa ajabu. Bwana Mifugo akanywa maziwa.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu. Mto wa Mbu wana wachezaji, tusidanganyane. Ikafika mahali tumelingana, zamu ni yangu, nimebakiza thelathini na mbili, yaani dabo ya kumi na sita na mchezo umekwisha. Kule ubaoni mpinzani wangu amebakiza dabo vilevile, nikikosa anamaliza yeye. Nikanyanyua mkono, na ule ugonjwa, wallahi, ukaja. Niliusikia unapanda kutoka begani. Vidole vikaganda. Nikashusha mkono, nikapangusa kiganja kwenye suruali, nikanyanyua tena, vimeganda.

Bwana Mifugo alikuwa amesimama kwenye ubao wa alama, chaki mkononi, hatua mbili kutoka vishale vinapopita. Akanitazama. Akanyanyua mkono wake wa chaki, akanipungia, polepole, kama dereva anayekuja upande wa pili.

Mkono wangu ukaitikia. Sikuutuma mimi. Nilisikia kelele za watu kabla sijaona kishale kimeingia wapi.

Mto wa Mbu walikuja juu. Mwandishi amepunga mkono! Mwandishi ametoa ishara! Bwana Mifugo alifuta alama zangu kwa kiganja, taratibu, akawageukia. "Nimemsalimia kijana wangu. Nyie kwenu hamsalimiani?" Kepteni wao akajaribu kubaki na hasira, akashindwa, akacheka.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Mkono haujagoma tena.

Mwaka jana mkono wa Bwana Mifugo nao uligoma. Kiharusi kilimkuta zizini asubuhi, kikauchukua upande wa kulia. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala ameelekea ukutani, mkono wa kulia umejikunja kifuani. Mkewe alinisindikiza nje. "Wamemchoma sindano nyingi," akaniambia, "na hakukimbia hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa."

Alipoanza kukaa, walimtolea kiti kando ya uzio, unaotazama barabara, apate kuona magari. Alikuwa ameshasema asitajiwe vishale. Kepteni alimwendea kuomba chaki, alau timu iendelee kuandikia hiyo hiyo, mzee akaufunika mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto na kutazama pembeni. Mimi nilipita pale kila asubuhi na wageni wangu, nikapunguza mwendo, nikanyanyua mkono. Hakuitika. Alikuwa anaangalia ng'ombe, au magoti yake. Nikapita hivyo wiki nyingi. Kuna siku nilijiambia leo simsalimii, ninamwongezea uchungu tu, na mkono ukanyanyuka wenyewe kabla sijamaliza kufikiri.

Halafu asubuhi moja ya mvua ndogo, nikiwa na familia ya wageni wanne, nikanyanyua mkono, na pale kwenye kiti mkono wa kushoto ukapanda. Ukagonga hewa mara moja. Ukagonga tena. Ya tatu vidole vikafunguka.

Nilifunga breki katikati ya barabara. Wageni wakarukia kamera, wanadhani nimeona chui. Nikashuka nikakimbia mpaka kwenye uzio.

"Bwana Mifugo! Umepunga wa kushoto!"

"Nimeona unapita kila siku unasalimia mtu asiyeitika," akasema. Maneno yake yalikuwa mazito, yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Nikaona aibu."

"Umeuzoeza lini?"

"Sijauzoeza. Juzi nilikuwa namgonga ng'ombe anipishe." Akaitazama gari yangu. "Rudi kazini, wageni wako wananyeshewa dirisha liko wazi. Jumamosi uje."

Jumamosi nilikwenda mapema mno. Nikautundika ule ubao wa panya kwenye nguzo yake, nikasogeza kiti. Kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, nikampa vishale vya mgeni, na mfuko wake wa ngozi. Akavipima kiganjani, akanirudishia.

"Hivi vina mwalimu ndani."

Nikampa vyangu. Tuk, tuk, na cha kwanza kikapotelea kwenye maharage. Cha pili kikagonga bati la banda la kuku, kuku wakapiga kelele mpaka mkewe akachungulia. Niliona tatizo, na mtu yeyote angeliona: kiwiko kilikuwa kimebanwa mbavuni. Nikafungua mdomo.

"Dereva," akasema. "Wewe ni mtu wa magari."

Nikaufunga. Nikaenda kusimama karibu na nguzo, si karibu sana, maana nina watoto. Nikamgeukia, nikanyanyua mkono wangu kama nampita barabarani.

Akaniangalia. Kisha mkono wa kushoto ukapanda. Moja. Mbili.

Kilikuwa kimeshaingia. Nikainama kutazama, na kilikuwa kwenye namba moja, upana wa kidole tu kutoka ishirini. Mkono wangu ulikuwa umeshakishika nikichomoe, nimrudishie, nimwambie hiyo ilikuwa ya kujaribu.

"Imeingia?" akaniuliza.

"Imeingia."

Akapeleka mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, ukahangaika na kifungo, ukatoka na ile karatasi. Akaifungua kwa meno. Akaninyooshea chaki.

"Basi andika."

Nikaandika moja kwenye mlango wa zizi, kubwa, mkewe aione toka jikoni.